Tofali ya Citoyen Kasonde

Mu mutaa wa Katuba hapakukuwa muntu wa kujua magonjwa sawa Citoyen Kasonde. Kazi yake ku dispensaire ya mugodi ilikuwa kuosha chupa. Akaosha, akaosha, akatoka docteur. Docteur wa dawa moja: tofali. Unaumwa? Tia tofali ku moto, funga mu kitambaa, kanda.

Mwanamuke mumoja, jina yake Mujinga, alikuwa anaumwa mabega, shingo, mugongo, mwili yote, na usingizi hapana. Ukimugusa tu, analia.

"Rhumatisme, baridi ya mifupa, na uvivu kidogo," Kasonde akasema.

Yaya wake Kapya, mukubwa wake wa tumbo moja, alikuwa anauzisha samaki ya Kasenga. Miguu njo ilikuwa inamulisha, na sasa nyayo zinawaka sawa pilipili. Alikuwa anakunywa maji sawa ngombe, na fasi alikojoa, sisimizi wanajaa.

"Rhumatisme."

"Na sisimizi, Citoyen?"

"Sisimizi haiko docteur, Mama. Kanda!"

Tofali ilimupunguzia Mujinga maumivu. Kapya naye akaamini. Akakanyaga tofali yake ya moto, akashika rozari, akasali. Hakusikia kitu.

Mujinga njo alisikia harufu. "Yaya! Leo Ijumaa, siku ya kufunga nyama, nani anaichoma?"

Ilikuwa muguu ya Kapya.

Ku hospitali walienda wote wawili. Docteur wa kweli akamuambia Kapya afumbe macho. "Nitakugusa muguu na pamba. Ukisikia, sema."

Kapya akangoja. Akangoja tena. "Docteur, utaanza saa ngapi?"

"Nimemaliza, Mama."

Akaanza kulia. "Mutaikata?"

Mujinga naye, pamba ilipomugusa, aliruka. Mikojo yake haikukuwa na sukari; ya Kapya, sukari tele.

"Weye, mishipa ya miguu iko muzima," docteur akamuambia. "Maumivu yako ni ya mwili yote, jina yake nzuri sina, lakini si uvivu. Moto ya polepole inakusaidia. Yaya wako, sukari njo ilikula mishipa yake: miguu inawaka, lakini haisikie moto."

Walikata vidole mbili. Muguu, Mungu asifiwe, ilibakia.

Na Citoyen Docteur? Alikuja kuwasalimia, tofali mupya mu kitambaa, ingali na moto. "Ile ya kwanza ilikuwa ndogo, Mama Kapya."

"Aksanti, Citoyen. Ikala pa kiti. Vua viatu."

"Viatu? Juu ya nini?"

"Fumba na macho."

Kasonde akakumbuka kama kuko mugonjwa anamungoja kule Kasungami. Akaenda mbio, tofali akaiacha pa kiti.

Mujinga akaitia pa mabega.