Mikidadi na Mwana Hiti wa Ukoo

Mtu akija kwako na askari wenye bunduki, akaondoka na kitu cha ukoo wenu na kwenda kukiweka kwenye kabati la kioo kwao, utamwita mtafiti au mwizi? Mimi namwita mwizi, na sioni sababu ya kupunguza sauti.

Mikidadi alikuwa mchongaji wa Kinole, kwenye milima ya Uluguru, miaka ile reli ya Wajerumani ilipokuwa imeshafika Morogoro. Alichonga vinu, miko na mipini ya majembe. Mteja aliyelalamika aliambiwa akapande mti wake mwenyewe. Hakuwa mkubwa wa mtu yeyote, ila alikuwa mjomba wa Mwaisha, na kwa Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye mtoto.

Mwaisha alikuwa mwali. Tangu avunje ungo alikaa ndani, haonekani na mwanamume yeyote, akifundwa na kungwi wake, Bibi Asha. Humo ndani alimlea mwana hiti, mtoto wa mti mwenye nywele za kweli, zilizonyolewa kwenye vichwa vya mabibi wa ukoo. Alimwogesha, akampaka mafuta ya nyonyo, akalala naye. Mama yake alimlea huyohuyo, na bibi yake pia. Siku ya kutolewa, Mwaisha alipaswa kuchezewa ngoma akiwa amempakata. Akitoka bila yeye, watu wangesema ametoka bila uzazi, na posa isingekuja. Ngoma ilikuwa karibu. Pombe ilikuwa imeanza kuchacha mitungini.

Ndipo akapita mzungu mmoja mwenye askari, aliyekuwa akizunguka milimani kutazama makaburi ya koo na mahali pa matambiko, akikusanya vitu vya asili. Vipya alivitupa. Alitaka vilivyopata weusi kwa kushikwashikwa na watu. Mkalimani wake alikuwa Leonard, kijana Mluguru wa Matombo, aliyesomeshwa misheni.

"Shikamoo, mjomba," Leonard alisema. "Bwana amesikia una mwali ndani. Anamtaka mwana hiti. Tunapanda kuyaona makaburi; tukishuka, awe tayari."

"Mwambie huyo bwana wako kwao wanazaa. Achukue wa kwao."

"Nikimwambia hivyo utachapwa viboko, mjomba."

Walipopanda, Mikidadi alichonga mwana hiti mwingine. Akamning'iniza juu ya moshi wa jiko, akampaka mafuta, akamsugua kwa ngozi mpaka akang'aa. Bibi Asha aliombwa nywele kidogo, akaja juu: "Nywele zangu ziende Ulaya? Mtie za mbuzi!" Akatiwa za mbuzi. Hata Bibi Asha alipowaona wawili hao pamoja, ilibidi awatazame vizuri.

Mzungu aliporudi, Mikidadi alitoka na yule mpya. Mzungu akamgeuza, akamnusa, akatabasamu. Leonard akacheka.

"Mjomba, mtoto wa ukoo unamleta umemkaba shingo, kama jogoo wa kuchinja?"

Mwana hiti hubebwa kwa mikono miwili, kichwa kikilala juu ya mkono, na kila mtu wa milima ile analijua hilo. Lakini yule aliyetoka naye Mikidadi hakuwa mtoto. Kilikuwa kipande cha mti, na mkono wake ulikishika kama mti.

"Wewe una dada?" Mikidadi alimuuliza.

"Ninaye."

"Alichezewa ngoma?"

Leonard akamgeukia mzungu, akasema naye Kijerumani. Mzungu akatoa kisu, akakwangua mgongo wa kile kinyago, na mti ukaonekana mweupe. Askari wakaelekea kwenye mlango wa mwali. Mikidadi akajiweka mlangoni. Kitako cha bunduki kikamwangusha. Mwanamume akikanyaga mle, mwali ameharibika, awe na mwana hiti au asiwe naye.

"Bibi Asha, mtoe!" alipiga kelele akiwa chini. "Mtoe kabla hawajaingia!"

Kutoka ndani ikaja sauti ya Mwaisha. "Mjomba, usiwape."

Mlango ukafunguka kidogo. Mikono ya Bibi Asha ikamtoa mwana hiti, amefungwa kwenye kitambaa. Mikidadi akainuka, akampokea kwa mikono miwili, akakilaza kichwa chake juu ya mkono. Mzungu alimtazama anavyomshika, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Safari hii hakutoa kisu; alimchukua, wakaondoka.

Kwa hiyo ukisoma kwenye kabati la kioo kwamba kitu fulani ni cha asili na cha kweli, jiulize walijuaje.

Kesho yake asubuhi Mikidadi aliwaona wanawake wakiimwaga pombe nyuma ya nyumba, kimya kimya. Kisha mlango ukafunguliwa. Mwaisha akatoka kichwa wazi, mikono mitupu, akapita mbele ya wanaume waliokaa barazani, nao wakageuzia nyuso zao ukutani. Akachukua jembe, akashuka shambani.