Bomba Jeusi na Viatu vya Mzee Bakari

Nimekaa na aibu hii miezi minne, na sababu pekee ya kuisimulia leo ni kwamba Mama Béa wa ghorofa ya chini yangu ameshaisimulia kwa kila kichwa anachokisuka pale Yeoville, na katika simulizi yake maji yalinifika kifuani, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mimi niliyekuwepo, nikiwa na maji ya kifundo cha mguu tu.

Mnajua nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwa kina Rukia. Baba yake yuko Tanga, hapa Johannesburg anayemsimamia ni baba yake mdogo, Mzee Bakari, muuza vitambaa wa Bertrams, mtu wa maneno machache na maswali mengi, naye aliijibu barua yangu kwa ujumbe mmoja mfupi: kabla ya kusema ndiyo au hapana, atakuja Jumamosi aone mtoto wa kaka yake ataishi wapi. Mimi nikamuuliza Rukia ni kwa nini mtu anayetaka kuoa akaguliwe nyumba kama mwenye bucha. Akaniambia, "Wewe uliza, lakini uliza huku unaosha madirisha."

Nikaosha madirisha. Nikapaka rangi ukuta wa jikoni. Fleti yangu iko Berea, katika jengo la zamani lenye dari refu na lifti iliyokufa, na ukiipiga deki inapendeza kweli, isipokuwa bomba la bafuni, ambalo mpangaji aliyenitangulia alilifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, na ukilifungua linakohoa kwanza, linatema kutu, halafu linalia kama mbuzi. Nikaona hapana, Mzee Bakari hawezi kuja kutawadha kwenye mbuzi.

Basi Alhamisi nikapita duka moja la vifaa vya bafuni mjini, nikakutana na bomba jipya. Jeusi lisilong'aa, shingo ndefu iliyopinda, mdomo mpana na bapa, na maji yanateleza kutoka pale kama kipande cha hariri. Muuzaji akalifungua lote, akaniambia, "Sikiliza."

Nikasikiliza. "Sisikii kitu."

"Ndicho unachonunua hicho."

(Kumbukeni hapo. Nililipenda kwa sababu ya ukimya wake.)

Ijumaa asubuhi maji yakakatika jengo zima, kama kawaida yake, na hakuna aliyejua yatarudi lini. Shangazi yangu Zuhura, aliyekuja kupika kwa ajili ya wageni, akaniona nimelala chini ya sinki na spana.

"Ita fundi," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni fundi."

"Hilo si jibu, shangazi."

"Haya, mwenye shahada. Mimi naenda kukatakata vitunguu."

Nilikuwa nafuata video mtandaoni, na jamaa wa kwenye video alianza kwa kusema funga kwanza zile vali mbili ndogo za kuzuia maji zilizo chini ya sinki. Nikajiuliza, tena kwa sauti, unafunga nini wakati hakuna maji? Watu wanafuata hatua tu bila kuuliza zimewekwa kwa ajili ya nini! Nikairuka hatua ya kwanza. Saa mbili baadaye bomba likawa limesimama, zuri kuliko kitu kingine chochote katika jengo lile, na juu ya kisahani cha sabuni kikabaki kiskrubu kimoja kidogo kama punje ya mchele, nikasema hiki kitakuwa cha ziada.

Nikauinua mkono wa bomba ili nijaribu. Kimya, hakuna tone. Nikauacha hivyo hivyo, juu.

Sasa hapa lazima nieleze, maana Mama Béa akifika hapa huwa anasema nilisahau. Sikusahau. Nyumbani Tanga maji yakikatika, bomba huachwa wazi, mchana kutwa, ili yakirudi likohoe na mwenye masikio aite wenzake na ndoo zao. Mama yangu alifanya hivyo, bibi yangu alifanya hivyo, na mimi niliyemuuliza kila mwalimu wangu "kwa nini" mpaka wakanikimbia, hili moja sijawahi kuliuliza hata siku moja. Mkono wangu uliliacha bomba wazi wenyewe, nami nikatoka bafuni nikipiga mluzi.

Jumamosi saa tisa Mzee Bakari akafika na rafiki yake, mzee mwembamba aliyeitikia salamu na baada ya hapo hakutoa sauti. Wakavua viatu mlangoni kama ilivyo ada, viatu vya ngozi vya kahawia vya Mzee Bakari vikiwa vimepigwa rangi mpaka unajiona, wakavipanga kwenye ule ujia mwembamba unaopita mbele ya bafuni. Nikawatembeza. Chumba, akatikisa kichwa kidogo. Jikoni, akamsalimu shangazi. Bafuni, akasimama.

"Mashallah," akasema. "Hili bomba au sanamu?"

"Bomba, mzee."

"Maji?"

"Hayajarudi tangu jana, lakini ndoo zipo, zimejaa."

Akainama. "Na hiki cha chini?"

"Kizibo, mzee. Kinabonyezwa."

Akakibonyeza. Kikashuka, kikafunga vizuri kabisa. (Mpaka leo hajui, na ninyi msimwambie.) Kisha akaligusa bomba kwa kidole kimoja, akaniuliza, "Amekufungia nani?"

Ningeweza kusema mimi. Neno lenyewe ni fupi. Lakini nikaona kijana aliyejifungia bomba mwenyewe anaonekana hana uwezo wa kumwita fundi, nikasema, "Kuna fundi wangu mmoja, mzee. Mzuri sana."

"Utanipa namba yake. Kwangu kunavuja."

"Bila shaka, mzee."

Tukakaa sebuleni. Shangazi akaleta sambusa na chai ya tangawizi, na maswali yakaanza: kazi yangu ni ya kudumu au ya mkataba, swala tano nazisali zote au nachagua, Rukia akitaka kuendelea na masomo itakuwaje. Hili la mwisho nililijibu kwa moyo wangu wote, nikaona uso wa mzee unalegea, nikasema moyoni, eish, hii imekubali. Nilikuwa nimekaa nikitazama mlango, wao wameupa mgongo, na hapo ndipo nilipoona kiatu cha kahawia kinapita.

Kilipita taratibu, peke yake, kikitoka upande wa bafuni kwenda upande wa jikoni. Nikanyamaza katikati ya sentensi. Kikapita cha pili, kikimfuata mwenzake.

"Endelea," Mzee Bakari akasema.

"Ndiyo, mzee, kama nilivyosema, elimu..."

Mlango wa nje ukagongwa kama unagongwa na polisi. Shangazi akapiga kelele kutoka jikoni, "Yallah, miguu yangu!" Nikakurupuka, nikakanyaga maji kwenye ujia, nikafungua, na pale mlangoni akasimama Mama Béa, taulo begani, kitana mkononi, na nyuma yake dada mmoja aliyesukwa nusu ya kichwa, nusu nyingine imesimama wima.

"Weye kijana! Kwangu mvua iko nanyesha ndani ya nyumba! Niko nasuka mutu, maji inamuanguka kwa kichwa, vraiment, kweli kweli, unataka tumubatize?"

Nikakimbilia bafuni. Maji yalikuwa yamerudi, Mungu ndiye anajua tangu saa ngapi, na lile bomba langu la hariri lilikuwa linayamwaga bila hata kunong'ona, sinki limejaa juu ya kile kizibo kilichobonyezwa, linafurika pande zote kwa utulivu mkubwa, na lile tundu la pembeni la kupunguzia maji mpangaji wa zamani alishaliziba kwa rangi. Nikaushika mkono wa bomba. Kwa hofu, badala ya kuushusha nikauzungusha, na ukang'oka, nikabaki nao mkononi. Hapo nikajua kile kiskrubu hakikuwa cha ziada.

"Mpigie fundi wako!" Mzee Bakari alikuwa mlangoni, kanzu ameikusanya mkononi mpaka magotini.

"Mzee..."

"Mpigie sasa hivi, aje aone kazi yake!"

Nikatoa simu. Wallahi niliitoa. Nikaitazama, maji yananipita kwenye vifundo vya miguu, Mama Béa anasema "piga basi, uko nangojea nini?", shangazi yuko nyuma yao na ufagio na ananitazama tu, na nikafikiria namba ya kupiga, ya rafiki yangu yeyote ambaye angekubali kuitwa fundi kwa dakika tano, nikampata mmoja, kidole kikawa tayari. Halafu nikafikiria kwamba nikipiga, itabidi niulinde uongo huu mbele ya mzee huyu kwenye kila Idi mpaka nife.

"Mzee, hakuna fundi. Nilifunga mwenyewe."

Hata Mama Béa alinyamaza, na hilo pekee lilistahili kuandikwa mahali.

Yule rafiki mwembamba, ambaye hakuwa amesema neno tangu salamu, akatupita, akapiga goti majini na kanzu yake nyeupe, akaingiza mkono chini ya sinki, akafunga vali ya kwanza, akafunga ya pili. Maji yakakoma. Akatoa kichwa, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Hizi," akasema, "ulidhani ni mapambo?"

Aliyeanza kucheka ni dada wa nusu kichwa. Akafuata Mama Béa, kisha shangazi, aliyelazimika kushika ukuta. Mzee Bakari hakucheka. Aliomba ndoo, akatawadha, akasali Alasiri kwenye kona iliyobaki kavu, sisi wengine tukakausha: mimi na shangazi juu, halafu nikashuka kwa Mama Béa kukausha sakafu yake na kumshikia taa huku akimalizia kile kichwa, akinipigia kelele muda wote na kunilisha mihogo. Niliporudi juu wazee wameshaondoka. Mzee Bakari alikuwa amebeba viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki, akashuka ghorofa nne kwa ndala zangu.

Sikumpigia Rukia. Niliona hakuna cha kumwambia ambacho hajakisikia. Siku tatu nzima nikaenda kazini na kurudi, nikijizoeza kuishi na jibu la hapana, na Jumanne jioni akapiga yeye.

"Baba mdogo amesema ndiyo."

Nikakaa chini. "Amesemaje hasa? Kwa nini?"

"Amesema kijana wako uongo haumudu hata kidogo, na mtu asiyeumudu uongo anaweza kuishi na mtu. Ila amesema ukitaka kugusa bomba lolote katika ukoo wetu, uombe ruhusa."

Harusi ni mwezi ujao, inshallah, na mmealikwa wote. Bomba lilifungwa upya na fundi wa kweli, naye jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufunga vali mbili ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Nilifungua kinywa nimuulize kwa nini, nikakifunga, nikaenda kumchemshia chai. Maji bado yanakatika, Berea ni Berea. Lakini nimeapa, siku yakikatika naweka ndoo, nabana bomba, nahakikisha limebanwa, na nikitaka kujua kama yamerudi nashuka kumuuliza Mama Béa, ambaye habari za maji yangu siku hizi anazo kabla yangu.