Nusu Ukuta na Chai ya Juu ya Ngazi

Saa moja asubuhi, ua wa zahanati bado una umande, na fundi rangi yuko juu ya ngazi. Hapaki rangi. Anakunywa chai.

Amesimama karibu na ncha ya ngazi, magoti ameyaegemeza kwenye kipago, kikombe cha bati mkononi. Ndoo ya rangi nyeupe inaning'inia kwenye ndoano pembeni yake. Chini, wagonjwa waliowahi foleni wamenyanyua shingo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anauliza kama huyo ni fundi au ni mgeni aliyekaribishwa.

Fundi anacheka bila kutazama chini. Anapuliza, anapiga funda, anapuliza tena.

"Mpaka kiishe," anasema. "Kisipoisha sishuki. Na kikimwagika, hesabu imeharibika, narudia kesho."

Kinapoisha anakigeuza na kukitikisa hewani ili walio chini wawe mashahidi. Ndipo anashika brashi.

Mtaani anaitwa Nusu Ukuta. Ana miaka arobaini na kitu, na hicho kitu ameomba aachiwe mwenyewe. Jina hakujipa, na kwa muda mrefu lilimkera kama kokoto kwenye kiatu. Siku hizi ameliandika ubavuni mwa kila ndoo yake, kwa herufi za mwandiko wa madaha, ili wateja wasihangaike kumsengenya.

Jina lilikuja hivi. Kwa miaka mingi alipaka ukuta mpaka pale mkono wake ulipofika akiwa amesimama chini, basi. Hapo palipobaki palikuwa pa mshirika wake, mwanamume mrefu aliyeitwa Twiga, ambaye alichukua nusu ya malipo kwa sababu ya kutoogopa ngazi.

Sasa, kila fundi rangi anajua kwamba ukuta unaanzia juu. Rangi hudondoka, na ikidondoka unaifuta ukiwa unashuka. Lakini Twiga alikuwa mtu wa kufika kazini jua likiwa limeshachangamka. Nusu Ukuta alimaliza sehemu yake asubuhi, ikang'aa, halafu mchana Twiga akapanda na kumwaga matone juu ya kazi iliyokwisha.

"Kuta zangu zilikuwa zinalia," anasema. "Mteja akija anakuta michirizi ya machozi. Nachukua brashi, narudia chini. Nilipaka mara mbili, nikalipwa mara moja, na wala sikuona ajabu. Mwoga ana hesabu zake bwana, usimwingilie."

Kisha Twiga akapata kazi kwingine na kuondoka bila kuaga, katikati ya kazi ya duka la magodoro lililoko kona ya barabara. Chini palikuwa pameshakuwa kijani kibichi. Juu palibaki manjano ya zamani, imebabuka. Fundi aliahidi kumaliza wiki inayofuata, na wiki hiyo ikajiendea na wenzake, mvua zikaja zikaisha.

Watu wakaanza kuelekezana kwa ukuta ule. Ukifika nusu ukuta, kata kushoto. Mwenye duka alinung'unika siku za mwanzo, baadaye akanyamaza, maana hakuna tangazo alilowahi kulipia lililomletea wateja kama lile.

Kilichofanya watu wacheke zaidi ni kwamba fundi huyu ni binti wa mzee aliyepaka tangi.

Tangi lenyewe ni la maji, limesimama kwenye miguu ya chuma nyuma ya kilichokuwa kiwanda cha sabuni, karibu na reli. Zamani kila aliyeingia kwa treni alilikuta likimsubiri na neno moja kubwa la buluu: KARIBUNI. Baba yake ndiye aliyeliandika, peke yake, kwa brashi, na kila rangi ilipochoka alirudi kuliandika upya. Herufi K ilikuwa na mkia mrefu usio na sababu. Mzee anasema rangi ilibaki, akaona asiirudishe ofisini.

Binti alikuwa mdogo wakati huo, na kazi yake ilikuwa chai. Alikuja na chupa aliyopewa na mama yake, akaifunga kwenye kamba iliyoning'inia kutoka juu, kisha akaita, "Baba, chai inapoa!" Chupa ilipaa taratibu, ikizunguka, ikigonga chuma, mpaka ikapotea. Halafu kimya. Halafu sauti ya baba ikishuka na mlio wa raha wa mtu anayepiga funda la kwanza.

"Harufu ya kiwanda ilikuwa imejaa uwanja mzima," anakumbuka. "Hata matope yalinukia. Nikirudi nyumbani mama ananinusa kichwani, anajua nilikuwa wapi bila kuuliza. Mpaka leo nikifungua mche wa sabuni mpya, nanyanyua macho juu kabla sijajua ninatafuta nini."

Baba yake alipanda tangi lile mpaka nywele zikawa nyeupe na hakuwahi kuteleza. Alivunjika nyonga sebuleni, akishuka kwenye stuli baada ya kubadilisha taa. Binti alikuwa pale. Alisikia mfupa.

"Watu wanasema ninaogopa urefu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hatanii. "Mimi nilikuwa ninaogopa stuli. Kama kitu kifupi vile kimemwangusha mtu mrefu vile, ngazi ingenifanya nini?"

Hakuna aliyemshauri aanze kupanda. Siku moja alisikia mtoto wa shule akimwelekeza mgeni kwa nusu ukuta, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja mto au mlima. Mtoto yule hakuwa anamcheka mtu. Hakujua kwamba ukuta una mwenyewe.

Jioni hiyo fundi aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa jiko lake, akajimiminia chai, akapanda kipago cha kwanza. Mumewe, ambaye ni mwoka mikate, alirudi akamkuta miguu haijaachana na sakafu hata kwa kimo cha mkate, lakini chai inamwagikia vidole. Alikata kipande cha mkate, akampa, akageuza ndoo akakaa.

"Alisema wake za wenzake wanakunywa chai mezani," anasimulia. "Nikamwambia aende akawaoe."

Tangu hapo sheria ikawa moja. Kipago hakihesabiki kuwa chake kwa kukikanyaga tu, maana hata paka hukanyaga. Ni lazima anywe kikombe kizima akiwa hapo, chai ya moto, asiyoweza kuimeza haraka. Kikiisha bila kumwagika, kesho anapanda kinachofuata. Kuna vipago vilivyomchukua siku moja. Kuna kimoja, pale dari linapoanza kuwa karibu kuliko sakafu, kilichomlia chai ya mwezi mzima.

Ukuta wa duka la magodoro aliumaliza bila kutangaza. Mwenye duka alilipa, akashukuru, kisha akauliza kwa unyonge kama angeweza kurudisha kijisehemu kidogo cha manjano, watu wasije wakapotea.

Baada ya kuta za nyumba akapanda za shule, kisha za maghala. Na hapo ndipo habari za tangi zilipomfikia. Kiwanda kilifungwa zamani, lakini tangi lilichukuliwa na watu wa maji, na sasa wanataka lipakwe. Wapo wenye mashine ya kupulizia waliojitolea kulifunika lote kijivu, herufi na mkia wake. Msimamizi wa maji alikubali kumpa fundi kazi hiyo, pamoja na neno la baba yake, kwa sharti kwamba apande mwenyewe hadi juu, mbele ya macho yake, kabla ya wiki kuisha.

Ndiyo maana asubuhi hii, baada ya kukunja ngazi ya zahanati, anavuka reli akiwa na kamba begani.

Baba yake ameshafika. Ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya tangi, fimbo mapajani, chupa ya chai miguuni. Jicho lake moja halioni tena, na hilo lingine linaona, kwa maneno yake, vitu vikubwa na watu wanaodaiwa. Msimamizi anamfunga fundi mkanda wa usalama, anauvuta kuujaribu, anarudi nyuma.

Anapanda vizuri. Kwenye kituo cha katikati, kijibaraza cha chuma alichokunywea chai wiki iliyopita, anapumzika kidogo, kisha anaendelea. Hapo sasa ni pageni. Vipago vichache tu vimebaki ndipo miguu inapogoma.

Msimamizi anatazama saa, anatazama viatu vyake. Mzee anainuka taratibu, anakongoja hadi kwenye ngazi, anaweka fimbo chini, anaishika kwa mikono yote miwili. Ngazi ile imechomelewa kwenye chuma, haiendi popote, haina haja ya kushikwa na mtu. Anaishika tu.

Kisha anaita juu, kwa sauti iliyokwaruza:

"Mama, chai inapoa."

Kule juu kuna kitu kama kicheko, au kama kikohozi. Mguu mmoja unasogea. Halafu wa pili.

Anapofika kwenye baraza la juu anateremsha kamba, na mikono ya mzee inachukua muda kufunga fundo ambalo zamani ilifungua bila kutazama. Chupa inapaa, inazunguka, inagonga chuma. Juu, kwenye ukingo wa baraza, fundi amekuta duara dogo la rangi ya buluu, lililokauka miaka mingi iliyopita, saizi ya kitako cha kikombe. Anatoa kikombe chake cha bati mfukoni, anakiweka hapo. Kinaenea.

Chini, mzee ameinua uso, mdomo wazi kidogo, anasubiri. Sauti ya funda la kwanza inashuka mpaka kwake. Anaketi.

Msimamizi ameshaondoka kwenda kuandaa karatasi za kazi. Fundi atakaposhuka, vidole vikiwa vyekundu kwa kutu, ataeleza mpango wake: Jumatatu ataleta buluu, atafuata alama za herufi za baba yake moja baada ya nyingine, na K ataiacha na mkia wake. Baadaye kuna mnara wa simu ng'ambo ya reli ambao ameanza kuutazama vibaya. Lakini hilo ni la mwakani.

Kuhusu Jumatatu, baba yake ana swali moja tu, la kikazi: wataanzia wapi?

"Juu, Baba," anasema binti yake. "Safari hii tunaanzia juu."