Meno Mawili ya Mpiga Tarumbeta

Shida zangu zilianza mwaka wa 1949, nikiwa na miaka tisa, siku baba alipozikwa nami nikatolewa darasa la pili nikachunge ng'ombe wa watu. Tangu hapo nimezika wengi, na mnaonisoma kila wiki mnajua mimi si mtu wa kulilia kila jeneza. Lakini Jumanne asubuhi, nikifungua duka langu la vifaa vya ujenzi pale Kawangware 56, mama mmoja wa Kisumu Ndogo kule Kibera, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alisimama mlangoni akasema, "Mzee, yule fundi wako wa mabomba ametuacha. Ni sukari." Nikafunga duka. Sikulifunga kwa huzuni. Nililifunga kwa sababu nilikuwa na hasira ya kumpiga mteja, na hasira hiyo ninayo hadi leo, kwa hivyo mnivumilie nikiandika kama mtu anayegombana.

Kwa wasiomjua, siku za kazi alikuwa fundi wa mabomba, na Jumapili alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa dogo la mabati kule Kibera. Sisi tuliotoka magharibi na kando ya ziwa hatukubali jeneza litoke uani kimya. Lazima tarumbeta itangulie, ili marehemu aondoke kama mtu. Basi yeye ndiye aliyeitwa, kutoka Kibera mpaka kwetu Kabiro, humu Kawangware. Dukani kwangu alikuwa na mazoea ya kupuliza kila bomba kabla ya kulinunua, ahakikishe halijaziba. Siku moja akaweka bomba kaunta likiwa na damu mdomoni. "Wewe omera, ndugu yangu, unanunua bomba au unalichinja?" nikamfokea. Akacheka. "Ni fizi tu, mzee. Huu mwaka wa tatu zinatoka damu kila asubuhi." Nikamwamuru afungue mdomo kama ng'ombe wa mnada. Meno manne ya chini hayakuwepo, na yaliyobaki yalikuwa yamerefuka, ufizi umeyakimbia. Sasa sikieni kosa lenyewe. Baba yake, kama wazee wengi wa zamani wa kwao kando ya ziwa, aling'olewa meno sita ya chini ndipo akahesabiwa mtu mzima. Kwa hivyo ya mtoto yalipoanza kudondoka yenyewe, hakuna aliyesema huu ni ugonjwa. Walimtania! "Wazee walitolewa kwa machozi, wewe umesamehewa!" Mama yake mzazi akafurahi kwamba damu ya ukoo haijapotea. Naye fundi, kila alipoona damu, aliacha kupiga mswaki mahali pale asijitoneshe, na uchafu ukazidi kujichimbia chini.

Kilichomtisha ni meno mawili ya mbele ya juu. Yalianza kucheza. Mpiga tarumbeta hubana midomo juu ya meno hayo, yakitoka na sauti imetoka, na mtu huyu hakuwa na kitu kingine duniani cha kumfanya aitwe kwa heshima. Kulikuwa na jamaa mmoja kwenye steji ya matatu mwenye koleo na kigoda, akamwambia ang'olewe yote apumzike. Mimi nikakataa, nikampeleka mwenyewe kwa daktari wa meno, msichana mdogo ambaye nilikuwa nimemuuzia rangi ya kliniki yake. Nilikwenda kwa kiburi, nikidhani nitamfundisha. Akaweka picha ya taya kwenye taa, akaniuliza, "Mzee, ukisimamisha nguzo, halafu maji yachukue udongo wote chini, utalaumu nguzo?" Nikasema hapana. "Basi meno yake hayana shida. Mfupa unaoyashika ndio umeliwa." Hakumgusa kwa kisu kwanza. Alimpima mkojo, akakuta sukari, akasema sukari na fizi hulishana, akampeleka chumba cha jirani kwa daktari wa sukari. Miezi minne fundi wangu akameza dawa, akajifunza kupiga mswaki upya, akakwanguliwa mawe ya meno, ule uchafu ulioganda. Ndipo daktari akasema yale mawili ya juu atajaribu kuyaokoa: atapiga ganzi, afungue ufizi, asafishe shimo, alijaze unga wa mfupa, afunike kwa utando, ashone, halafu mwili ujijengee mfupa wake polepole. Fundi akashtuka. "Mfupa wa nani, daktari? Kwetu mfupa una mwenyewe." "Wa ng'ombe. Umesafishwa mpaka hauna uhai." Jamaa akafikiri kidogo, akasema, "Kama ni ng'ombe, basi mdomo wangu umelipiwa mahari." Tulicheka mpaka daktari akaweka vyombo chini. Kisha akaacha kucheka, akamnyooshea kidole. "Miezi tisa. Usipulize tarumbeta, usipulize bomba, usiuumize mfupa mbichi."

Wiki ya pili baada ya fundi kushonwa, ndugu yangu akafa. Hapa ndipo ningependa kulaumu kanisa, au yule wa koleo, au serikali, na nimejaribu sana wiki hii. Lakini aliyemwita fundi ni mimi. Alikuja Kabiro mikono mitupu, akaniambia taratibu, "Mzee, pole sana. Lakini unajua nimekatazwa." Nami, mbele ya wapangaji wangu wote, nikamjibu, "Ndugu yangu atoke kwangu kama gunia la viazi? Nani alikupeleka kwa huyo daktari?" Alirudi Kibera, akaja na tarumbeta. Alipuliza kutoka mlango wa ploti hadi barabarani, nyimbo tatu nzima, na damu ikamchuruzika kidevuni, na watu wakasema huyu jamaa alimpenda marehemu. Nilimshika mkono nikamwambia, "Umefanya kazi ya mwanamume." Hayo ndiyo niliyosema, kwa mdomo huu.

Nyuzi zilikatika. Usaha ukaja, na kabla ya mwezi kuisha yale meno mawili yakatoka, moja kwenye ugali na lingine akaliokota mwenyewe juu ya mto wa kulalia. Kanisa likampa kijana mwingine tarumbeta. Nikamwambia arudi kwa daktari. "Nitamwambia nini yule dada, mzee? Kwamba nilimharibia kazi?" Na kwa kuwa chumba cha sukari kilikuwa mlango mmoja na chumba cha meno, aliona haya kupita hapo, akaacha vyote viwili, hata dawa za sukari, zaidi ya mwaka mzima. Aliona haya kwa kosa langu. Mimi sikwenda naye mara ya pili, nilikuwa na shughuli.

Jumamosi tulipomzika, nilihesabu kamati tatu: ya jeneza, ya basi, ya chakula. Watu waliojua kupanga hivyo! Akiwa hai na mdomo unavuja damu miaka mitatu, kamati ilikuwa wapi? Tunamcheka mwenye pengo, tunamtuma kwa mwenye koleo, tunasema ni uzee au ni mila. Nyie mnaotema povu jekundu asubuhi mkisuuza haraka mke asione, nawasema nyie. Ufizi mzima hautoi damu. Usiache kusugua pale, sugua taratibu, kisha nenda kwa daktari wa kweli na umwombe akupime na sukari. Mfupa ukiisha, kuurudisha ni kazi ngumu, na si kila taya hukubali. Na wewe uliyewahi kumsaidia mtu, usije ukamdai wema wako akiwa bado na nyuzi mdomoni. Aliyekatazwa na daktari, mwache akatazike, hata kama maiti ni ya mama yako.

Mimi leo nina ploti mbili Kabiro, vyumba kumi na sita vya kupangisha, duka la 56, pikapu moja, ekari tatu nyumbani, na meno ishirini na saba. Fizi zangu zilitoka damu wiki moja baada ya kumzika ndugu yangu, nikaenda kwa daktari yule yule, akanifungua, akanijaza mfupa, akanishona. Aliniambia miezi tisa. Nilikaa miezi tisa, na sikupuliza hata chai ya moto.