Vigelegele vya Mama Benedikto

Kule Makote, Newala, ukisikia kigelegele kimeanza chini kama mtu anayeguna, kikapanda, kikakaa juu bila kukatika, huna haja ya kuuliza. Huyo alikuwa Severina, Mama Benedikto. Mtoto akibatizwa, yeye. Mwali akitolewa ndani, yeye. Hata majirani Waislamu walimfuata aje awapigie kwenye harusi zao, naye alikwenda, maana alisema furaha aliyopewa na Yesu hakupewa aifungie kabatini.

Mumewe, Nikolao, kila mara aliisikia sauti hiyo akiwa shambani kwenye mikorosho. Anaweka panga chini, anarudi nyumbani anacheka. "Haya, nani kazaliwa?"

Msimu wa korosho uliopita Nikolao akaugua, akafariki. Severina akanyamaza. Kanisani hakuacha kwenda, ila alihamia benchi la nyuma. Pasaka ilipofika, kengele zikapigwa, akina mama wakageuka wamtazame aanzishe kama kawaida yake. Akainamisha kichwa. Wenzake wakajaribu, vikatoka vya mafungu mafungu, kama kuku waliofukuzwa jikoni.

Hakuna aliyemlaumu. Lakini mwenyewe aliingiwa na hofu. Ile furaha aliyodhani ni ya Mungu, labda ilikuwa ya Nikolao tu, na imezikwa pamoja naye.

Basi asubuhi moja Esha, Mama Faruku, jirani yake wa miaka yote, akaingia uani anahema. Mkwewe Esha, Stamili, alikuwa amekaa muda mrefu katika ndoa bila mtoto, na Severina alikuwa akimtaja katika sala zake kila siku, hata ndani ya msiba.

"Mama Benedikto, Stamili kajifungua. Wa kike. Wako njiani wanatoka zahanati."

"Ashukuriwe Mungu," Severina akasema, machozi yakimlenga.

"Ashukuriwe kimya kimya hivyo?"

"Mama Faruku, nina msiba mie."

"Najua. Si mimi niliyekuwa nakulazimisha kula?" Esha akakaa juu ya kinu kilicholazwa. "Lakini mtoto huyu umemwomba mwenyewe. Leo aingie nyumbani kama mwizi wa korosho?"

"Piga wewe."

"Mimi nikipiga, watu watakuja na fimbo, watadhani nimeona nyoka."

Severina akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka tu, akaziba mdomo, akaangalia huku na huku.

"Watasema nimemsahau mume wangu."

"Wakisema, waje waniambie mimi niliyekuona ukilia."

Mlio wa bajaji ukasikika, Esha akatoka mbio. Severina akabaki anatazama upande wa mikorosho, kule ambako hakuna tena wa kuweka panga chini. Kila Jumapili kinywa chake kinakiri kwamba kinangojea ufufuo wa wafu. Sasa kama anaungojea kweli, Nikolao kapotelea wapi hata asisikie?

"Bwana," akasema polepole, "furaha ni yako, mimi nilikuwa mbebaji tu. Nipe pumzi."

Akatoka mpaka barazani, akageukia shambani kama zamani. Kigelegele kikaanza chini, kikakwaruza, kikakatika. Akameza mate. Akaanza upya. Kikapanda. Kikakaa.

Stamili, bado yumo kwenye bajaji na mtoto kifuani, akawa analia na kucheka kwa pamoja. Nyumba ya pili wakaitikia, ya mbele yake wakaitikia, mpaka vigelegele vikawa havihesabiki. Esha naye akajaribu chake, na kweli, mbwa wakabweka.

Severina hakuyafuta machozi. Alikuwa analia, na furaha ilikuwepo palepale, haikumwomba kwanza aache kulia. Nguo zake nyeusi alikuwa nazo, na Jumapili iliyofuata alikwenda nazo hizo hizo benchi la mbele.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile, kabla hajarudi ndani, watu walianza kutokea kwenye mikorosho, mmoja mmoja, mapanga mkononi, wanatabasamu.

"Haya, Mama Benedikto, nani kazaliwa?"

"Wa kike," akawajibu. "Njooni mmwone."