Ndege wa Shavu Jekundu na Salamu za Baba Mkubwa

Kule Mollo, nyumbani kwa mama mkwe wangu, kuna ndege mmoja aliyebakiza kidogo tu aninyime kiwanja. Ni mdogo, ukimweka kwenye kiganja nafasi inabaki. Mgongo wake ni wa rangi ya udongo, lakini kifua, ubavu na mkia ni buluu iliyopauka, ile ya sketi ya shule iliyofuliwa miaka mitatu. Dume ana baka jekundu kwenye kila shavu, jike hana. Siku mama mkwe aliponikuta nimeduwaa mbele ya ndege huyu nikamuuliza jina, alisema huyo ni mla ulezi. Nikamwonyesha mwingine wa kijivu. Huyo naye mla ulezi. Mtu anayelima ulezi hana haja ya majina mengi.

Mimi ni mtu wa Mbeya. Nilihamishiwa Sumbawanga kikazi, nikapata mume hapo hapo, tukapata na watoto watatu, na kila Jumamosi tunakwenda Mollo kumsaidia bibi yao shambani. Kusaidia ni neno la mume wangu. Mimi nilikuwa nimenunua kamera kwa mpiga picha wa harusi aliyechoshwa na maharusi, na tangu nimwone yule ndege jembe langu lilianza kushika kutu. Mama mkwe hakunigombeza hata siku moja. Aliwaambia tu wageni wake kwamba mkwe wake analima kwa macho.

Ndege wenyewe hawapigiki picha kirahisi. Hutembea wawili wawili, wakiokota mbegu za majani chini, na mmoja akishtuka wote wameondoka. Mwezi wa tano, ulezi ukiwa umeanza kukauka, walijenga kwenye ua wa michongoma unaopakana na njia. Kiota chao ni mpira wa nyasi wenye tundu ubavuni, na ndani walitandika manyoya ya kuku wa mama mkwe bila kumwomba. Tawi nalo hawakuchagua ovyo. Walijenga shibiri moja tu kutoka kwenye kiota cha nyigu, kwa sababu nyigu hawana shida na ndege, wana shida na anayekwenda kumsumbua ndege. Hilo nilijifunza kwa mdomo wangu wa juu. Jumatatu yake uliingia ofisini kabla yangu, na wenzangu waliusalimia kwanza.

Baada ya hapo ilibaki sehemu moja tu ambayo nyigu waliniruhusu kukaa: ukingoni mwa njia, uso kwenye michongoma, mgongo kwa wapita njia. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

Picha niliyoitaka ilikuwa moja. Dume akitaka kumpendeza jike huchukua jani refu la nyasi mdomoni, akasimama juu ya kijiti, akawa anarukaruka pale pale huku akiimba, kichwa juu, kama mwanamume aliyeleta nyama kilo moja nyumbani na anataka mtaa mzima uione. Nilipomsimulia mama mkwe, alisema wanaume wa namna hiyo anawafahamu, jani moja na kelele nyingi, kisha akamtazama mwanawe. Mwanawe akakumbuka kwamba mnyororo wa pikipiki unahitaji mafuta.

Sasa nieleze habari ya kiwanja. Nyuma ya ile michongoma, kandokando ya njia, kuna kipande cha ardhi ya ukoo ambacho tulikiomba tujenge. Miaka yote tumepanga mjini. Nilikitaka kiwanja kile kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, nilikuwa nimeshachagua hata upande wa jiko, maana nilichoka kuwa mgeni wa Jumamosi kwenye ukoo nilikoolewa. Mwenye neno la mwisho ni baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, na neno lake lilikuwa litolewe Jumapili baada ya misa.

Baba mkubwa hupita njia ile kila asubuhi akienda shambani. Akimkuta mtu husimama, akapiga makofi polepole, akangoja. Huku Ufipa salamu haitupwi tu mtu akiwa anatembea. Unaacha ulichoshika, unachuchumaa, unapiga makofi na wewe, unatoa shikamoo yako, halafu ndipo salamu yenyewe inaanza. Mmeamkaje. Watoto mmoja mmoja. Bwana. Kazi ya ofisini. Wazazi kule Mbeya, na mvua ya kule Mbeya, kana kwamba nimelala huko jana. Baba mkubwa hakuruka kituo hata kimoja. Mara nne dume aliwahi kusimama kwenye kijiti na jani lake, mara nne makofi yakasikika nyuma yangu, na mara nne nikaweka kamera chini nikaanza kueleza mtoto wa mwisho amelalaje.

Jumamosi ile, siku moja kabla ya neno kutolewa, jua lilikuwa limetoka upande mzuri na upepo umetulia, jambo ambalo kwetu mwezi wa tano ni zawadi. Dume akatua. Ana jani refu kuliko yeye mwenyewe. Akaanza kuruka, shavu jekundu likielekea kwangu, na jike amekaa pembeni akijifanya hajali. Nikashusha pumzi. Nyuma yangu nikasikia makofi.

Sikugeuka. Kama ningeishia hapo ningeweza kusema sikusikia. Lakini makofi yaliendelea, na mimi, macho yakiwa kwenye lenzi, nikapeleka mkono mgongoni nikampungia anyamaze.

Makofi yakakoma. Nikapiga picha kumi na moja. Nilipogeuka, baba mkubwa alikuwa ameshafika mbali na jembe lake begani, na nyuma yake mama mmoja mwenye mzigo wa kuni amesimama njiani ananitazama mimi. Mchongoma kuupanda, kuushuka ndio ngoma.

Yule mama wa kuni hakuchelewa. Kabla uji haujapoa mama mkwe alikuwa na habari kamili, pamoja na mkono wenyewe ulivyokwenda. Mwanamke huyu aliyenitania kwa kila kitu, siku ile hakunitania. Alipepeta ulezi, kisha akasema, "Umemfukuza baba yako kama ndege wa shambani."

Aliniambia nichukue kuku nikaombe radhi, na niende peke yangu. Maneno ya mwisho hayakuwa na haja, kwa kuwa mume wangu alikuwa ameshakumbuka tena mnyororo.

Nilimkuta baba mkubwa uani kwake saa kumi jioni akipukuchua mahindi, na paka pembeni. Nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba, akampokea kuku, akamchunguza miguu, akamfunga kwenye kigingi. Nikamwambia nimekosa, na kwamba sikuwa nimemdharau, nilikuwa namwogopea ndege asiruke. Nilisikia mwenyewe jinsi sentensi ile ilivyo ya kijinga. Akanyoosha mkono apewe kamera, nikamfungulia picha nikampa.

Aliisogeza mbali na uso, akaisogeza karibu, akafuta kioo kwa shati. Akauliza kama huyu naye aliumwa na nyigu, maana shavu lake ni jekundu. Nikamwambia dume ndivyo alivyo. Akashangaa. Alisema tangu utotoni amewatupia ndege hawa madongoa wasile ulezi na hakuwahi kujua kwamba wana mashavu. Akaniuliza jike yuko wapi, nikamwonyesha pembeni ya picha. Akamtazama yule jike kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama dume.

Nilidhani ndio mwisho, kwamba kesho nitasikia kama wengine. Akanirudishia kamera, akachukua gunzi lingine.

"Kiwanja nilishakikubali," alisema. "Kesho nitawaambia wenzangu tu. Tangu mke wangu, mama yenu mkubwa, afariki, mimi naamka, nachukua jembe, na mpaka nifike pale kwenye michongoma sijafungua kinywa. Siku nyingine nakwenda na kurudi sijafungua. Nikasema, mkijenga pale nitakuwa na mtu wa kunijibu kila siku, siyo Jumamosi peke yake."

Mimi nilikuwa nazipima salamu zake kwa dakika anazonipotezea, kumbe mwenzangu alikuwa anazingoja wiki nzima. Niliona aibu, nikalia mbele yake bila kujificha. Aliniacha nilie. Alipoona nimetulia, jua likiwa limeshaelekea kuzama, akaniuliza watoto wameamkaje.

Nikapiga makofi, nikaanza na yule mkubwa.