Nilimficha Shemeji Mwisho wa Gemu

Nimekosa, na sitaki kuzunguka. Shemeji yangu leo anakula kwa mkono wa kushoto, na nyote mnajua mtu wa kwetu anavyojisikia anapoingiza mkono wa kushoto kwenye sinia mbele ya watu. Wa kulia hana. Mashine iliyoukata alikuwa ameishika yeye mwenyewe. Lakini aliyeukata ni mimi.

Siweki jina kwa sababu jina langu huwa mnaliona kwingine, juu ya makala ndefu kuhusu maadili. Maadili! Chekeni tu. Nina miaka hamsini na miwili, shahada mbili na kitambi, na nimemharibia mtu maisha kwa ubishi wa gemu.

Kahindi ni ndugu wa mke wangu, anamfuata kwa kuzaliwa. Ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Malindi, na nusu ya mageti ya mtaa wetu yametoka mikononi mwake. Huniita mulamu, yaani shemeji kwa Kigiriama, nami humwita hivyo hivyo. Kati ya mulamu na mulamu utani hauna mpaka. Siku ya posa aliniambia mbele ya mama yake kwamba nilisoma sana kwa sababu jembe lilinikataa. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta.

Kila Jumamosi baada ya alasiri tulikuwa kwa Bi Zuhura, mjane aliyegeuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa chumba cha gemu: televisheni tatu, feni moja na benchi. Sisi ndio tulikuwa wateja wake wazee kuliko wote.

"Wajukuu zenu wako wapi?" alikuwa akituuliza. "Au nyie ndio wajukuu?"

Gemu yetu ilikuwa ya mji wa miaka inayokuja, ambako watu wamejitoa nyama wakajitia mashine: macho ya kioo, miguu ya springi, ubongo wenye waya. Mbaya wa gemu hiyo ana mkono wa kulia wa chuma wenye upanga ndani, na anachinja watu kama kuku wa harusi. Jina lake lilitushinda kulitamka, tukamwita Mkono. Tuliimaliza kwa miezi minane, tukiapizana.

Kisha ikatoka ya pili, ambayo hadithi yake ni ya kabla ya ile ya kwanza: jinsi Mkono alivyokuwa kijana mwenye mikono yake miwili, yeye na ndugu yake, hadi akawa jinamizi. Tukaiita Mwanzo. Tukapeana ahadi kwamba hakuna atakayeigusa Mwanzo bila mwenzake. Pedi ya kuchezea ni moja, tunapokezana. Ukiuawa, unampa mwenzako.

Kahindi hakuipenda.

"Gemu gani hii, mulamu? Ya kwanza mtu anapasua ukuta kwa ngumi. Hii anatembea kama aliyefiwa."

"Bado hajapata chuma. Ndiyo maana ya kuwa kabla."

"Basi wangempa hata panga! Huyu anapigwa mpaka mimi naumwa."

Tulibishana hivyo kwa raha, mpaka tukafika sura ya sita. Hapo Mkono na ndugu yake wamejificha kwenye machinjio ya mashine mbovu. Mara skrini inakuwa nyeusi. Inasikika mota, kisha ukelele, kisha kimya. Mwangaza unaporudi, mkono wa kulia haupo, na ndugu mtu amesimama pembeni amelowa damu.

Nani alikata?

Mimi nikasema alijikata mwenyewe. Ushahidi nilikuwa nao: katika gemu ya kwanza Mkono anatamka wazi, "Mkono huu niliutoa mwenyewe." Nikatia na maneno ya chuo kikuu kuhusu mtu kuuacha ubinadamu wake kwa hiari. Yalikuwa maneno matamu sana. Hata mimi nilijipenda.

Kahindi akatikisa kichwa. "Alikatwa na nduguye. Angalia lile jeraha, mulamu. Limeanzia nje, likashuka ndani. Mtu akijikata kwa mkono wa kushoto, mshazari unakuja kinyume. Halafu mashine ikigusa nyama yako, mkono unaoishika unalegea. Mwili unakataa. Mimi kazi yangu ni hiyo!"

Sasa sikilizeni dhambi yangu ya kwanza. Sikuweza kungoja. Nilianza kumwambia mke wangu, Dama, kwamba nakwenda maktaba, kumbe nakwenda kwa Bi Zuhura asubuhi, watoto wakiwa shuleni na chumba kitupu. Asubuhi tisa. Nikaimaliza Mwanzo peke yangu, mtu mzima mwenye miwani, moyo ukinidunda kama mwizi.

Na mwisho wake unaonyesha kila kitu. Ndugu mtu ndiye aliyekata. Mkono analia, anamsihi, anamwita kwa jina la utotoni, na mwenzake anakata. Yale maneno ya "niliutoa mwenyewe" aliyasema baadaye, kumsitiri nduguye. Kahindi alikuwa sawa kwa kila kitu, hata ule mshazari!

Ningemwambia tu. Ningesema, "Mulamu, nimevunja ahadi, na wewe umeshinda." Ingekuwa aibu ya saa moja. Angenitania mwaka mzima, basi.

Lakini mimi ni msomi. Nilishindwa kushindwa na mtu wa mageti. Ndiyo, nilifikiri hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Nayaandika ili yanichome.

Jumamosi iliyofuata chumba kilijaa. Kahindi akarudia hoja yake na watu wakaanza kumuunga mkono. Bi Zuhura, aliyekuwa anapanga soda, akanitazama kwa mshangao.

"Mwalimu, kwani wewe si..."

Nikamkonyeza. Akadhani ni mzaha wetu wa mashemeji, akanyamaza. Mpaka leo hajanisamehe kwa kumfanya anyamaze.

"Maneno matupu," nikamwambia Kahindi. "Kama haiwezekani mtu kujikata, tuonyeshe."

"Nijikate mkono, mulamu? Umechanganyikiwa?"

"Nunua mguu wa mbuzi. Ushike kwa mkono wa kulia, ukate kwa wa kushoto. Tuone kama mashine inakataa."

Watu wakapiga makofi. Dakika ishirini baadaye tulikuwa kwenye karakana yake, mtaa wa pili, watu kumi na tano na mguu wa mbuzi.

Kahindi akauweka mguu kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akaukaza. Ni mtu wa kazi, anajua. Nami nikasema, "Hapana. Mkono hakuwa na jiliwa."

Akautoa. Akaushika.

Nikaona grainda, mashine yake ya kukatia vyuma, ina kile kifuniko cha kumkinga fundi. Nikasema, "Ile ya kwenye gemu haikuwa na kinga."

"Mulamu, hii bila kinga ni shetani."

"Unaogopa?"

Neno moja. Ningekuwa na uwezo ningelirudisha kinywani nikalimeza na meno yake. Watu walicheka. Kahindi alinitazama kidogo, si kwa hasira, kama mtu anayesubiri nimwambie natania. Sikumwambia. Akachukua spana, akafungua kinga.

Grainda ikanguruma. Diski ikaingia kwenye nyama, nyama ikaruka vipande, watu wakapiga kelele za furaha. Kisha ikagusa mfupa.

Ilishtuka! Ikaruka mkononi mwake kama mnyama aliyekanyagwa, ikapita juu ya ule mguu wa mbuzi, ikatua kwenye kifundo cha mkono ulioushika. Sauti haikubadilika. Hilo ndilo linaloniamsha. Mfupa wa mbuzi na mfupa wa mtu vilitoa sauti ile ile.

Damu ilinipiga miwani. Sikuona. Nilisikia grainda ikigaragara sakafuni, ikilia, ikichonga saruji, na watu wakirukaruka kuikwepa. Nilipofuta miwani kwa shati nikaona kiganja cha Kahindi kimening'inia kwa kipande cha ngozi na uzi mmoja mweupe, na vidole bado vinacheza. Vinacheza! Kama vinatafuta kitu.

Bi Zuhura alikuwa ametufuata. Aliivua leso yake ya begani, akaupiga mkono fundo, akamkalia kifuani kwa magoti, akivuta kwa meno. Mimi nilitapika kwenye ndoo ya rangi. Huo ndio mchango wangu.

Walipombeba, Kahindi alinitafuta kwa macho. Midomo ilikuwa imegeuka majivu.

"Umeona, mulamu?" akasema. "Haiwezekani."

Alikuwa bado ananithibitishia. Mungu wangu, alikuwa bado ananithibitishia!

Madaktari walimaliza kilichobaki. Walikata juu kidogo ya kifundo.

Hakunilaumu. Dama aliponigeukia, machozi yanamtiririka, akiuliza nani alianzisha upuuzi huu, Kahindi akamjibu kitandani, "Ni mimi mwenyewe, dada. Nilitaka kujionyesha." Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika chupa ya maziwa. Nikammiminia kikombe.

Karakana ikafungwa. Fundi wa mkono mmoja wa kushoto hapati geti la kutengeneza. Akawa anakaa barazani kwake, akitazama barabara.

Halafu siku moja akaniambia, "Mulamu, tuimalize ile gemu. Nataka nijue."

Ningekataa vipi? Tukarudi kwa Bi Zuhura. Tukabuni njia yetu: tumekaa bega kwa bega, pedi katikati. Yeye anashika upande wa kushoto, anamtembeza mtu. Mimi nashika upande wa kulia, nabonyeza vya kupiga na kukwepa. Mtu mmoja kwa miili miwili. Mwanzoni tuliuawa kila hatua. Baadaye tukazoea, na akaanza kucheka tena.

"Mimi natembea, wewe piga!" alikuwa akisema. "Hatimaye umepata kazi ya mikono!"

Nilicheka naye.

Tukafika sura ya mwisho. Kuna ngazi ndefu yenye giza, na adui anaanguka kutoka darini bila dalili yoyote. Kila anayecheza mara ya kwanza hufa pale. Mimi nilikuwa nimekufa pale mara kumi na moja.

Kidole changu kilibonyeza cha kukwepa kabla adui hajaanguka.

Tukapanda. Wa pili. Nikabonyeza tena, kabla. Nilijaribu kukizuia kidole, wallahi nilijaribu. Wa tatu, kabla.

Kahindi akaacha kumtembeza mtu wetu. Yule mtu akasimama katikati ya ngazi, kwenye skrini, akipumua.

"Umejuaje?"

"Nimebahatisha."

"Mara tatu?"

Bi Zuhura aliweka chini kikombe chake.

"Umeshaimaliza," Kahindi akasema.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Kabla."

"Kabla ya nini, mulamu?"

Niliutazama ule mkono uliokatika. Sikuwa na haja ya kusema zaidi.

Alinipiga kwanza kwa kushoto, na pedi ikiwa humo humo. Pua ikavunjika, nilisikia ikivunjika. Nilipoanguka akanirukia, akaanza kunipiga kwa wa kulia. Kwa ule usiokuwapo! Kigutu chenyewe, ambacho ngozi yake ilikuwa bado nyekundu, alikishindilia usoni mwangu, mdomoni, jichoni, na kila pigo lilimuuma yeye kuliko mimi, na kila pigo alilia, na akapiga tena. Kovu likafunguka. Damu yake ikaniingia mdomoni. Sikuinua mkono. Huo si ushujaa, ndugu zangu. Ni kwamba mimi nilikuwa nayo miwili.

Vijana walitaka kumvuta. Bi Zuhura akasimama mlangoni.

"Mwacheni," akasema. "Nasema mwacheni ampige."

Meno matatu yalitoka. Jicho la kushoto naona ukungu mpaka leo.

Alipochoka akakaa sakafuni karibu nami, amekikumbatia kigutu kifuani. Tulihema kwa muda, wazee wawili. Skrini bado ilikuwa inawaka, na yule mtu wetu bado amesimama pale kwenye ngazi.

"Nani alikata?" akaniuliza.

Nilijibu kwa mdomo uliojaa damu. "Ndugu yake."

Akatikisa kichwa polepole.

"Basi nilishinda," akasema.

Akainuka, akaenda zake. Hajaniita mulamu tena. Siku hiyo hiyo alimweleza dada yake, na Dama akafunga nguo zake akarudi kwao Vitengeni. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: je, wakati anamfulia ndugu yake nguo zenye damu, nami nimekaa mezani naandika, nilikuwa naandika nini? Nilikuwa naandika makala kuhusu ukweli. Sikuweza kumwambia.

Najua mnavyobishana. Nimewaona, kwenye vibanda vya gemu, kwenye vilabu vya mpira, kwenye simu zenu, nani kamuua nani, mhusika gani alikuwa sahihi, mishipa ya shingo imewatoka. Bisheni, ni raha. Lakini siku utakapogundua mwenzako alikuwa sawa, mwambie hapo hapo. Usingoje upate maneno mazuri. Mwambie angali ana mikono miwili ya kukupigia makofi ya kukucheka.